Peremende za Batasema

Ka! Kisha kimya cha pumzi mbili, kisha ka-ka-ka, kama kokoto zinazosagwa ndani ya kitambaa. Niliifahamu sauti ile kuliko sauti yangu mwenyewe, ambayo siku hizo niliisikia kwa nadra, kwa kuwa kwa majuma sita nilikuwa nimeisababisha mimi kila jioni: ilikuwa sauti ya peremende ngumu inayopasuka kati ya magego ya mbwa. Kilichonishtua ni saa na mahali. Ilikuwa saa nane ya mchana wa kiangazi. Nilikuwa chumbani mbele ya karatasi zangu. Katoni ya peremende ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, imefungwa kamba kwa fundo langu. Na Batasema, mbwa niliyeachiwa nimtunze, alikuwa peke yake langoni, hatua thelathini kutoka nilipokaa. Nilibaki na kalamu hewani. Ikiwa si mimi niliyempa, basi ulikuwapo mkono mwingine, na mkono mwingine ndicho kitu cha pekee nilichokuwa nimeahidi kwamba hakitamfikia.

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kwa matanga ya Mama Philo, aliyekuwa jirani yangu mwaka ule wa peremende, na sauti hiyo ikanirudia pale pale uani kwake, katikati ya nyimbo za waombolezaji, bila mbwa wala peremende karibu. Binti yake wa mwisho, Rachel, ambaye mimi namkumbuka akiwa bado mgongoni mwa mama yake, alinivuta kando penye masufuria akanitia mkononi kipande cha karatasi chenye namba ya simu. "Béa alipiga simu kutoa pole," aliniambia. "Béa wa kwa Tata Tshibangu. Iko ku Mwene-Ditu, iko na bajukuu sasa. Aliuliza: yaya Honorine angali muzima? Na imbwa yangu, ilikufa na uzee? Minye nikamuambia siyue, nitamuuliza mwenyewe." Yaya ni dada mkubwa; hivyo ndivyo Béa alivyokuwa akiniita. Nilimshukuru Rachel, nikakunja karatasi mara mbili, na tangu hapo imelala chini ya kioo cha meza yangu hapa Lubumbashi siku kumi na moja. Katika siku hizo nimeandika rasimu nne za maneno ya kusema simuni, na zote nimezichana, kwa kuwa kila moja ilianza kama maelezo na kuishia kama utetezi. Binti wa kaka yangu, ninayeishi naye, ana mbwa mdogo mweupe anayelala kwenye kochi. Juzi, akiwa na biskuti mkononi, aliniuliza kama ni vibaya kumpa mbwa vitu vitamu. Nilimjibu kuhusu meno, kuhusu minyoo, kuhusu tumbo la mnyama ambalo halikuumbwa kwa sukari, kuhusu tofauti ya kumlisha kiumbe na kumnunua, na nilipoanza kuzungumzia mkono, alinikatiza: "Tantine, nilikuuliza tu ndiyo ao hapana." Mbwa alikuwa ameshakula biskuti.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sikuwa na ndugu yeyote Likasi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya tasnifu yangu ya sheria, iliyohusu amana: wajibu wa mtu anayepokea mali ya mwenzake ili aitunze na kuirudisha. Nilihitaji majalada ya zamani ya mahakama ya mila, lakini karani aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha majalada alikuwa ameacha kuja kazini, kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Na kabla sijaamua la kufanya, chuo nacho kikafungwa. Msimamizi wangu aliondoka bila kuaga. Alikuwa mmoja wa wale ambao wazazi wao walitoka Kasai, na ambao walikuwa wanaambiwa, katika mitaa walimozaliwa, kwamba mkoa huu si wao. Nilipanga chumba kwa Tata Tshibangu ('tata' kwetu ni baba), mwenye duka dogo karibu na barabara ya kwenda stesheni. Chumba kilikuwa katika boyerie, yaani kile kijumba cha nyuma ambacho enzi za wakoloni walilala watumishi: kitanda, meza, dirisha moja, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo Béa, binti wa mwenye nyumba, aliipaka nta kila Jumamosi ingawa hakuna aliyemwambia. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alizungumza bila kupumzika. Mimi nilikuwa nimezoea ukimya wa maktaba, na nilidhani maneno yake yananisumbua, mpaka yalipokoma.

Mbwa alikuwa wa Béa. Jina lake, Batasema, yaani 'watasema', alipewa na baba yake Béa kwa ajili ya majirani: "Bakisema, baseme, imbwa itabajibu." Alikuwa na rangi ya vumbi la barabarani, sikio moja limelala, kifua kipana. Mwaka ule kila nyumba yenye kitu ilitafuta mbwa, kwa kuwa king'ora cha kiwanda, kilichokuwa kikigawa siku yetu katika zamu, kilianza kunyamaza siku moja, kisha siku tatu, na watu waliozoea kuamshwa nacho wakawa wanaamka tu na njaa. Wezi walikuwa na mbinu yao: walirusha samaki mwenye sumu ya panya juu ya ukuta, wakangoja, wakaingia. Kwa hiyo watu wa mtaa wetu walifundisha mbwa wao kwa pilipili. Ilihitaji mkono wa mgeni, na kwa kuwa mwenye mbwa hawezi kuwa mgeni kwa mbwa wake, watu waliazimana mikono kama walivyoazimana chumvi. Nilishuhudia somo la Batasema nikiwa dirishani. Mkono ulioazimwa ulikuwa wa Tata Anselme, mzee mwenye mguu mmoja mfupi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwachoma sindano mbwa wa mainjinia.

"Leo weye njo mwizi," Tata Tshibangu alimwambia.

"Minye mwizi? Na huu muguu? Imbwa itanikamata, itapumuzika, na itanikamata tena."

Alipitisha nyama chini ya lango, ndani yake mmesheheni pilipili kali. Batasema aliikamata, akaitema, akalia kilio kama cha mtoto, akasugua pua ardhini huku Béa akiziba masikio. Siku ya pili alikuja mgeni mwingine, siku ya tatu mwingine. Siku ya nne nyama ilikuwa nzuri, haina kitu ndani, na Batasema aliiunguruma kana kwamba ni nyoka. Tangu hapo alikula kwa namna moja tu: katika beseni lake la bati, baada ya kusikia neno moja la Kifaransa.

Siku familia ilipoondoka, kwa kuwa nao walikuwa watu wa Kasai, sebule ilikuwa imebaki na miraba myeupe ukutani mahali picha zilipokuwa. Tulikula tukiwa tumekaa sakafuni, bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, chakula cha mwisho katika nyumba ile, na Mama Tshibangu alinipakulia mimi kwanza, jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Walikuwa wanakwenda stesheni kungoja treni, kama mamia ya wengine waliokuwa wamelala pale juu ya mizigo yao. Na treni ile, hata ikifika, haikupokea mbwa. Nyumba kubwa ilifungwa ikiwa na vitu wasivyoweza kubeba, hasa cherehani ya mama. Tata Tshibangu alinikabidhi funguo, kisha katoni ya peremende za mnanaa zilizobaki dukani.

"Bonbon ni yako, uuzishe, ikusaidie," alisema. "Haiko ya imbwa. Sikia muzuri, Honorine. Hii imbwa inakulaka mu basani yake tu. Unaweka bukari, unasema 'Mange', njo inakula. Mu mukono, hapana. Hata mukono yako. Mukono ya bure ni mukono ya mwizi."

"Nimesikia, Tata."

"Weye unasomaka mambo ya kuchunga bintu ya bantu. Basi chunga."

Béa alimshika mbwa masikio yote mawili, lililosimama na lililolala, akaweka paji la uso wake juu ya lake. Kisha wakatoka, na vijana waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wa ng'ambo wakaanza kupiga makopo na kuimba maneno ambayo sitayaandika. Walikuwa watu wa kwetu, wa mkoa huu, wenye majina ya ukoo kama langu. Nilirudi chumbani nikafunga dirisha. Ninalisema hili kwa sababu bila hili yote yanayofuata yanaonekana kama habari ya mbwa tu. Sikuwapigia makopo, wala sikuwakemea wapigaji. Kilichobaki mikononi mwangu kama ushahidi kwamba sikuwa mmoja wao kilikuwa na miguu minne na sikio moja lililolala.

Batasema alikataa kula. Nilisonga bukari ile ile, katika beseni lile lile, nikasema neno lile lile, na yeye akaniangalia kwa adabu kama mtu anayengoja mgeni asiyefaa aondoke. Mchana alilala na pua yake katika upenyo wa lango. Jioni alilia kwa sauti nyembamba, umeme ukikatika, na watu wa barabarani wakiambiana kwamba tatizo ni Koni, au ni Mwadingusha, kana kwamba kulijua jina la bwawa kungewasha taa. Siku ya nne mbavu zilionekana. Nilikuwa nimekaa kizingitini nimefungua peremende kwa ajili yangu mwenyewe, chakula changu cha mchana, kusema kweli, na nikamwona anainua kichwa. Haikuwa sukari iliyomwita. Karatasi zile zilikuwa na harufu ya duka: sabuni, mafuta ya taa, mikono ya Béa. Alikuja akanusa vidole vyangu vyote kumi, akarudi kwenye kiganja. Ningeweza kuiweka ile peremende katika beseni; beseni lilikuwa hatua nne tu. Niliupima umbali ule wakati ule ule, na nimeupima mara nyingi tangu hapo. Lakini ilikuwa siku ya nne pia tangu kiumbe chochote kiniguse. Nilifungua kiganja. Ulimi wake ulikuwa wa moto na mkavu. Ka! Na kabla usiku haujaingia, alikuwa amekula bukari yote.

Baada ya hapo ikawa desturi, moja kila jioni, mkononi, nami niliyesomea sheria nilijitungia sheria ndogo: kwamba hii ni dawa, si kitamu; kwamba itakoma akinenepa; kwamba mkono wangu si mkono wa mgeni. Aliponenepa, haikukoma. Mama Philo alinifumania juma la kwanza. Alikuwa akikaanga mikate, yale maandazi ya mviringo, kwenye jiko la makaa nje ya ukuta wetu, na kupitia lango aliona kila kitu.

"Eh, mademoiselle wa chuo! Batoto yangu banalamba mufuko ya sukari ya mwaka jana, weye unapatia imbwa bonbon? Kesho utaipatia kiti na serviette!"

"Mama Philo, alikuwa anakufa."

"Na sisi, unaona tunanenepa?"

Nilijaza viganja viwili nikawapelekea watoto wake, na tangu siku hiyo nilifanya hivyo kila alasiri, jambo lililonipatia nafasi ya kukaa kwenye kigoda kando ya jiko lake na kusikiliza watu. Suala la mbwa na peremende likawa mjadala wa pale, kwa kuwa masuala mengine yote yalikuwa ya kutisha. Tata Anselme, ambaye alikuja kunywa chai kila siku na kulipa kwa maneno, alisimama upande wa sayansi.

"Bonbon inaharibisha meno ya imbwa. Inaleta minyoo. Minye nilitunza imbwa ya bazungu, niliona."

"Weye unatiaka sukari ngapi mu chai?" Mama Philo aliuliza.

"Ine. Mais minye nilitumika miaka makumi tatu. Imbwa ilitumika wapi?"

"Inachunga nyumba. Weye ulichunga nini? Hata meno yako haukuchunga!"

Watu walicheka, na yeye alicheka kuliko wote, akionyesha pengo. Kisha, wengine walipoondoka, aliinama upande wangu na kuuliza kwa sauti ya kazini, ile ya mtu aliyewahi kushika sindano: "Honorine. Unamupatia mu basani ao mu mukono?"

"Mu basani," nilisema.

Hii ndiyo sababu, mchana ule wa kiangazi, sauti ile ilinifanya nisimame. Nilikimbia hadi langoni. Batasema alitingisha mkia akalamba midomo. Chini ya lango palikuwa na karatasi nyekundu. Zangu zote zilikuwa za kijani. Barabara ilikuwa tupu, jiko la Mama Philo lilifuka moshi bila mtu. Nilipeleka karatasi ile kwa Tata Anselme, nikaungama habari ya mkono. Hakunikaripia. Aliilainisha karatasi juu ya goti lake, akasema: "Rudisha pilipili. Leo, haiko kesho. Nitakutafutia mukono ya mugeni." Nilisema nitamwita. Nilisaga pilipili, nikaziweka katika kisosi juu ya meza yangu, na Batasema akaja kulala juu ya miguu yangu, sikio lililolala likinifunika kisigino. Nikajiambia kwamba kabla ya kumuunguza ni lazima kwanza nijue ni nani. Mtu aliyesoma ana neno zuri la kuahirisha: uchunguzi. Niliandika dhana tatu katika daftari langu na kwa siku mbili nikazilinganisha, huku kisosi kikikauka.

Siku ya tatu nilijificha nyuma ya ukuta wa nyumba kubwa. Saa nane hivi, jiko likiwa halina wateja, Mama Philo alifika langoni, akatazama kushoto na kulia, akachuchumaa kwa shida, mtoto mgongoni, akafungua karatasi nyekundu.

"Kula, papa," alimwambia mbwa. "Usiambie ule mademoiselle. Kula. Benyewe balienda, sikubaaga. Niliogopa bale bavijana ba pa barabara. Miaka makumi mbili nilikula mu sahani ya mama yako, na sikufika hata ku gare ya treni kumuambia kwenda muzuri. Kula tu."

Nilitoka nilipojificha. Aliponiona, alianza kujitetea, kisha akacheka, kisha tukawa tunacheka wote wawili tukiwa tumeshika vyuma vya lango, mmoja kila upande, mpaka kicheko kikageuka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini analia. Nilimwaga pilipili jioni ile. Tata Anselme alipouliza, nilimwambia fumbo limefumbuka, mkono ule ni wa jirani. Alisema, "Jirani ni mutu mwingine na mwizi ni mutu mwingine, mais imbwa haiyue tofauti," na mimi nikamwona mzee mwenye shaka. Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoishi mwaka ule. Nikiwa mezani nilisikia, mara moja kila siku, ile ka! kutoka langoni, na badala ya kunishtua ilinituliza: ilikuwa na maana kwamba Mama Philo yupo, kwamba mtu mwingine anawakumbuka waliotoka, kwamba siko peke yangu na amana yangu. Nilianza hata kuingoja.

Ikaja Jumapili moja. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa meza, na naweza bado kulisema neno nililokuwa nikiliandika. Kanisa la Mama Philo, lile la wokovu lililokuwa chini ya mabati mwisho wa barabara yetu, lilikuwa limeanza saa tatu, na nilisikia nyimbo, ngoma, na ndani ya nyimbo hizo sauti yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na sauti ya juu yenye mkwaruzo ambayo hakuna ukuta ulioizuia. Na nikiwa nasikia sauti yake ikiimba kule, nilisikia langoni: ka! Kisha ka-ka. Nikatabasamu. Nikamaliza sentensi yangu, nikaanza nyingine. Masikio yangu yalipokea mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, kwamba Mama Philo yuko kanisani na kwamba Mama Philo yuko langoni, na akili hii ambayo huzunguka kila jambo mpaka kulichosha, asubuhi ile haikuzunguka hata mara moja. Ilikuwa imepita nusu saa, labda zaidi, nilipotambua kwamba sijasikia kucha zake zikigusa saruji, kama ilivyokuwa kawaida yake kuja kuniarifu kwamba amekula.

Alikuwa karibu na bomba la uani. Alikuwa ametafuta maji. Langoni palikuwa na karatasi ya njano na mkia wa samaki aliyekaangwa vizuri. Mtu alikuwa amempa kwanza peremende, kujaribu, na alipoona inapokelewa, akampa kile alichokileta. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi na cherehani haikuwapo. Hata wakati wanaibeba, mimi nilikuwa naandika. Tata Anselme alikuja na jembe na mguu wake mfupi, akachimba peke yake, akakataa nimsaidie. Nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji kuulizwa au kuuliza, kama ni peremende zilizomuua. Aliegemea jembe. "Hapana," alisema. "Bonbon ilifungulia sumu mulango, basi. Usinilazimishe kusema zaidi, mutoto." Mama Philo alitoka kanisani na kilemba chake cheupe, akaona shimo, akakaa chini ardhini na nguo yake ya Jumapili.

"Ni minye," alisema.

"Ni mimi, Mama Philo. Ni mimi niliyeanza."

"Béa asiyue. Unasikia, Honorine? Bale bantu banalala inje, tutabaongezea kilio ya imbwa? Asiyue hata siku moja."

Nilikubali, na nilikubali upesi mno. Baada ya miezi miwili mfanyakazi mmoja wa reli alileta barua. Béa aliandika kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, kwamba safari ilikuwa ndefu, kwamba mdogo wao wa mwisho walimzika kando ya reli, mahali ambapo hajui panaitwaje, kwamba mama hazungumzi. "Kitu kimoja tulichoacha kikiwa hai ni Batasema," aliandika. "Yaya, niambie anakula." Nilikaa mbele ya karatasi siku nzima. Kisha nikaandika kwamba wezi wameiba cherehani, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu nilijua kuwa ukweli mmoja unaouma ungeufanya uongo unaofuata uaminike; na chini yake nikaandika kwamba Batasema anakula vizuri, mu basani yake, na kwamba amenenepa. Chuo kilipofunguliwa niliondoka Likasi. Nilimkabidhi Tata Anselme funguo, tasnifu nikaimalizia Lubumbashi. Sura ya tatu, inayohusu uzembe wa mtunza amana, ilisifiwa kwa ukali wake. Barua ya pili ya Béa, ikiwa iliandikwa, haikunipata. Kila nilipokwenda kumwona Mama Philo, kwa miaka yote hii, tulizungumza juu ya watoto, bei ya unga, magoti yake. Na aliponisindikiza hadi mahali lango lile lilipokuwa, tulinyamaza wote kwa urefu wa ukuta ule, kisha tukaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuubeba uongo ule. Sasa ameuacha upande wake, nami siwezi kuubeba pande zote mbili.

Leo ni Jumatano. Niliichagua makusudi, baada ya kuikataa Jumapili na kisha kuikataa Jumatatu kwa kuwa iko karibu mno na Jumapili. Binti wa kaka yangu ametoka. Mbwa wake mweupe amelala juu ya kochi, na nilimfungia mlango wa chumba changu kama mtu anayemficha shahidi. Niliweka karatasi mbele yangu na sikuweka rasimu yoyote kando yake. Simu iliita mara tano. Kulikuwa na kelele za watoto na maji yanayomiminwa.

"Allô?"

"Béa. Ni Honorine. Wa mu boyerie."

Alipiga yowe lililonilazimu kuondoa simu sikioni. Alikuwa na sauti ile ile, ile iliyopaka nta sakafu yangu. "Yaya! Yaya Honorine! Mungu wangu, uko muzima!" Kisha nikamsikia akigeuka, akiita ndani ya nyumba: "Batoto, kuyeni! Kuyeni mbio, ni ule yaya wa Batasema! Ni ule aliyebakiaka na imbwa yangu!" Miguu midogo ilikuja ikikimbia, mingi, na pumzi zao zikajaa simuni, na nikatambua kwamba uongo wangu wa mstari mmoja ulikuwa umelea watoto. "Ninabaambiaka kila siku," Béa alisema, akihema kwa kicheko. "Ilinenepa, ilichunga nyumba, haikukubali kintu mu mukono ya mutu. Baambie weye mwenyewe, yaya, banasikia. Iliishi miaka ngapi? Ilikufa na uzee, njo vile?"

Nilishika ukingo wa meza.

"Hapana, Béa," nilisema. "Ilikufa mwaka ule ule. Siku ya yenga, asubui, bantu beko mu kanisa. Minye nilikuwa mu chumba." Nikauachia ukingo wa meza. "Nilisikia. Sikusimama."